Uzi: Kutoka Marekani kwenda Italia kwa hela ya mtu wa mshahara. Tujadili nauli, viza, Roma na Napoli

Kibo_Columbus (mwanzisha uzi)

Wakuu, poleni na majukumu.

Kila ikifika Novemba, kwenye magrupu yetu ya WhatsApp huku Ohio swali ni lile lile: jamani, Ulaya mtu anaenda kwa shilingi ngapi? Wanaojibu ni wa aina mbili. Wa kwanza anasema ujipange na dola elfu tano. Wa pili aliona tangazo la dola mia tatu na hajui lilikuwa la upande mmoja. Hapo mjadala unaishia na mtu anabaki nyumbani akiangalia theluji.

Nimefungua uzi huu nizungumzie Italia peke yake, maana ndiko ninakokufahamu. Nawalenga walioko Marekani na Canada. Aliye Dar, Nairobi au Bujumbura hesabu yake ya nauli ni nyingine kabisa, lakini mambo ya mjini yatamfaa.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mnaotaka kubisha mpate pa kuanzia: usianze na mji, anza na tarehe. Mtu akishaamua kuwa lazima iwe Venezia, lazima iwe Julai, lazima Jumamosi hadi Jumamosi, huyo asitafute bei nafuu. Alipe tu aende.

Atlantiki ina misimu yake. Kuanzia katikati ya Januari mpaka mwanzoni mwa Machi, na tena Novemba kabla ya sikukuu ya Thanksgiving, mashirika yana viti ambavyo hayajui yampe nani. Wakati huo New York kwenda Roma au Milano, kwenda na kurudi, si ajabu kuikuta chini ya dola 500. Kiti hicho hicho Julai kinapita elfu moja bila aibu. Aprili na Oktoba ziko katikati: hewa nzuri, bei ya wastani, mradi ukwepe wiki ya Pasaka.

Kwa nini New York? Ushindani. Njia ya JFK, uwanja wa New York, kwenda Malpensa, uwanja wa Milano, ina Delta, ina American, ina Neos ya Waitaliano wenyewe, na tangu 2013 ina Emirates, ambao ndege yao ikitoka Dubai inatua Milano kisha inavuka bahari. United nao wako ng'ambo ya mto, Newark. Wakikutana wote hao kwenye njia moja, anayefaidi ni abiria. Ndiyo maana mara nyingi Milano huwa rahisi kuliko Roma, na treni ya kasi kati ya miji hiyo miwili inakwenda kwa saa tatu na ushee.

Sisi wa Columbus, Ohio, hatuna ndege ya moja kwa moja. Una njia mbili: tiketi moja kuanzia nyumbani mpaka Italia, au ujifikishe New York kivyako halafu uanzie pale. Kanuni yangu: tofauti isipofika dola 150, nunua tiketi moja ulale usingizi. Ukiwa na tiketi mbili zisizojuana, ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri na hakuna anayekudai wala unayemdai. Ukiamua hivyo, fika New York siku moja kabla. Hakikisha una shangazi Bronx.

Kutafuta, tumia Google Flights upande wa kalenda, uone mwezi mzima kwa jicho moja. Ukishaipata, nenda ukanunue kwenye tovuti ya shirika lenyewe. Sababu ni mbili. Kwanza, sheria ya Marekani inakupa saa 24 za kughairi na kurudishiwa hela yote, ikiwa umenunua kwa shirika moja kwa moja na safari bado siku saba au zaidi. Pili, mambo yakiharibika unaongea na mwenye ndege, hupigwi danadana na dalali wa mtandaoni ambaye simu yake inaimba muziki tu.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalijaribu: ingia mji mmoja, toka mji mwingine. Kwenye ukurasa wa kutafutia chagua miji mingi badala ya kwenda na kurudi. Unashuka Roma, unapanda treni taratibu kuelekea kaskazini, unaondokea Milano. Mara nyingi bei haipandi, na umeokoa nauli ya treni na nusu siku ya kurudi ulikotoka.

Bei ya kwanza inayong'aa kwenye skrini ni ya mtu na nguo alizovaa. Soma begi. Kwenye mashirika ya bei ya chini kama Norse, tiketi ya chini kabisa ni ya kibegi kinachoingia chini ya kiti, basi. Ukiongeza begi kwenda, begi kurudi, na kiti cha kukaa karibu na mwenzio, unaweza kukuta umelipita lile shirika kubwa ulilokuwa unalikimbia.

Sasa hesabu. Mtu mmoja, Februari, wiki moja, kuanzia New York, na hizi ni makadirio yangu: nauli dola 480. Kulala usiku sita kwa euro 55, jumla 330. Kodi ya mji kwa kila usiku unaolala, Roma hoteli ya nyota tatu ni euro 6 kwa kichwa, kwa hiyo 36, na hiyo hulipwa mapokezi, haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni. Chakula euro 30 kwa siku, 210. Treni ya Napoli kwenda na kurudi, weka 40. Viingilio 60. Usafiri wa mjini na wa uwanja wa ndege 45. Ukikusanya na kubadili, unazunguka kwenye dola 1,300 hivi. Si bure, lakini wala si elfu tano.

Kwa wiki moja nasema miji miwili, basi. Roma na Napoli. Nitarudi kueleza.

Dkt_Mihogo

Nimeshaweka kigoda mbele. Lakini mkuu, umeruka korongo lenyewe. Wengi wetu tuna grinikadi, kibali cha kuishi Marekani, na pasipoti ya nyumbani. Hiyo grinikadi Italia si inatuingiza?

Kibo_Columbus

Daktari, haiingizi. Grinikadi inakurudisha Marekani, haikuingizi Ulaya. Mwenye pasipoti ya Marekani au Canada anaingia bila viza, siku 90 ndani ya kila siku 180. Mwenye ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, yaani ile moja ya kundi la nchi za Ulaya zilizofunguliana mipaka, hata kama ameishi Minnesota miaka ishirini.

Viza yenyewe ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, watoto wa miaka 6 hadi 11 ni 45, walio chini ya hapo bure. Juu yake kuna ada ya kituo kinachopokea maombi. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na usivuke siku 15 kabla. Maamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 lakini yanaweza kuvutwa mpaka 45. Tatizo kubwa wala si maamuzi, ni kupata miadi. Kwa kiangazi nafasi zinaisha mapema mno, na hiyo ni sababu nyingine ya kupenda Februari.

Unaomba kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi. Zikilingana, ile utakayoingia kwanza. Na huchagui ubalozi mdogo unaoupenda, unapangiwa na jimbo unaloishi. Sisi wa Ohio ni Detroit.

Wanachotaka: pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka kumi, yenye kurasa mbili tupu na uhai wa miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen. Grinikadi iliyo hai. Barua ya mwajiri na hati za malipo. Taarifa ya benki ya miezi ya karibuni, na hapo nasema wazi, hela iliyoingia juzi kwa mkupuo inaonekana ni ya kuazima. Mahali pa kulala. Mpango wa ndege. Na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, ambayo kwa wiki moja bei yake si ya kutisha.

Kuhusu ndege kabla ya viza: usichukue ile tiketi ya chini kabisa isiyobadilishwa wala kurudishiwa hela. Delta, United na American waliondoa ada ya kubadili mwaka 2020 kwa tiketi za kawaida za safari zinazoanzia Marekani, isipokuwa zile za msingi kabisa. Ukinyimwa viza unabaki na thamani ya tiketi yako, utakwenda nayo kwingine. Ongeza hizo dola sabini uwe na amani.

Na onyo kwa wanaopenda ujanja wa kufika London kwa bei ya chini halafu kupanda Ryanair kwenda Italia: Uingereza haimo Schengen. Ireland nayo haimo. Tiketi zako zikiwa mbili na begi lako linatakiwa kuchukuliwa na kukabidhiwa upya, unapita uhamiaji wa nchi hiyo, na pasipoti zetu zina masharti yake pale. Lisbon na Reykjavik zote ziko ndani ya Schengen, zimetulia. TAP na Icelandair wanakuruhusu hata kukaa siku kadhaa hapo njiani bila nauli kupanda.

Kamba_Mbili

Dola 1,300 kwenda kuangalia magofu. Hiyo hela nyumbani ni mabati ya nyumba nzima. Halafu baadaye mnachangishana ada za wadogo zenu kwenye grupu.

Kibo_Columbus

Mkuu, mabati yangu yako juu ya nyumba tangu zamani. Karibu tuendelee na uzi.

Toronto_Baridi

Kamba Mbili hakosi kwenye uzi wowote wa starehe 😂

Kwa walioko Canada: msihangaike kuvuka kwenda New York. Air Transat wanaruka Toronto na Montreal kwenda Roma, na Air Canada pia wapo. Msimu ukiwa baridi bei zao hazina kelele.

Naongeza jambo ambalo limenilipia safari ya pili. Ukiondoka Italia, shirika lolote lile, hata la Marekani, liko chini ya sheria ya Ulaya namba 261. Ndege ikifika ikiwa imechelewa zaidi ya saa nne kwa safari ya kuvuka Atlantiki, na sababu ikiwa ni ya shirika lenyewe, si dhoruba wala mgomo wa waongoza ndege, unadai euro 600. Ukiwa unakwenda, sheria hiyo inakulinda endapo shirika ni la Ulaya. Yangu ilichelewa sana kwa ubovu wa ndege. Waligawa kuponi ya sandwichi na hakuna aliyetamka habari ya fidia. Nilijaza fomu kwenye tovuti yao mwenyewe, bila wakili, bila zile kampuni zinazokata asilimia. Ilichukua muda, ikalipwa. Tunzeni kadi ya kupandia ndege na piga picha ubao wa matangazo.

Binti_Makorora

Kaka Kibo nakuheshimu lakini kusema mtu avuke bahari nzima halafu asione Venezia ni kumdhulumu. Mimi nimefika. Mji mzima hauna gari hata moja! Nililala Mestre ng'ambo ya daraja, bei nusu, treni dakika kumi hivi unaingia. Usikatishe watu tamaa.

Kibo_Columbus

Dada, sijasema ni mbaya. Nasema ni ghali kwa anayebana. Tiketi moja ya vaporetto, boti ya kawaida ya abiria, ni euro 9.50 na inadumu dakika 75. Roma tiketi ya basi na metro ni 1.50 na inadumu dakika 100. Hapo peke yake unaona tofauti. Na tangu 2024 mgeni anayeingia kwa siku moja bila kulala analipa ada ya kuingia kwenye siku zilizotangazwa za masika na kiangazi, euro 5, na kuanzia 2025 ni 10 kwa asiyejisajili mapema. Ukienda Januari ada hiyo haipo na mji una ukungu wake mzuri, hapo nakubaliana na wewe moja kwa moja. Lakini ufute Napoli, usiongeze mji wa tatu. Wiki moja, ukitoa siku ya kufika ambayo una usingizi wa Atlantiki, na ya kuondoka, unabaki na siku tano. Ukizigawa kwa miji minne utafahamu vizuri stesheni za treni.

Basi niseme Roma sasa.

Ndege za kutoka Marekani zinaondoka jioni na kufika asubuhi ya kesho yake. Ukishuka Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, una njia kadhaa za kuingia mjini. Treni ya Leonardo Express, euro 14, dakika 32, moja kwa moja mpaka Termini, stesheni kuu. FL1, treni ya kawaida, euro 8, haifiki Termini lakini inapita Trastevere, Ostiense na Tiburtina, na kama umelala karibu na hapo ndiyo yako. Mabasi ni bei rahisi kuliko vyote, yanafika Termini, ila foleni ya barabarani hujui. Tiketi ya karatasi ya treni za kawaida lazima uigonge kwenye kimashine kabla ya kupanda, la sivyo faini, na mkaguzi hana muda wa kusikiliza kwamba wewe mgeni.

Kulala: karibu na Termini kuna vyumba vya bei ya chini, lakini pana vurugu na usiku sipapendi. Nendeni kwenye mistari ya metro, upande wa Re di Roma na Furio Camillo kwa mstari A, Garbatella kwa mstari B. Ni mitaa ya wenyeji, kahawa yake ni ya bei ya wenyeji.

Viingilio. Colosseum, Foro Romano na Palatino ni tiketi moja, euro 18. Inauzwa kwenye tovuti rasmi mwezi mmoja kabla, ina jina lako, na zikiisha unabaki na wauzaji wa mitaani wanaokuuzia hiyo hiyo kwa mara mbili na "mwongozaji" juu. Weka kengele kwenye simu. Pantheon ni euro 5 tangu 2023. Kanisa la Mtakatifu Petro ni bure, unapanga foleni ya ukaguzi tu, mabega na magoti yafunikwe. Makumbusho ya Vatikano ni 20, na 25 ukinunua mtandaoni, na hizo tano zinakuokoa foleni ya kuzunguka ukuta.

Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali ni bure nchi nzima. Jumapili ya mwisho Vatikano ni bure, mwisho wa kuingia saa sita na nusu mchana. Mwenye hela kidogo apange tarehe zake hapo. Mwenye mtoto mdogo asithubutu, watu ni wengi kupita kiasi.

Maji usinunue. Roma ina vibomba vya chuma zaidi ya elfu mbili barabarani, wanaviita nasoni, maji yanatiririka usiku na mchana, baridi na salama. Chupa moja inakutosha wiki.

Mama_Nasra

Asalaam aleikum. Mimi nauliza chakula. Tuko Waislamu, watoto wawili. Nimesikia kila kitu kina nguruwe.

Mtu_wa_Malindi

Waaleikum salaam dada yangu. Mimi ni wa Malindi, kwetu Kiitaliano unakiokota ufukweni ukiwa mdogo kwa vile wamejaa pale miaka yote. Sasa naishi Roma, kwa hivyo hili niachieni mimi.

Si kila kitu, lakini kuwa macho. Carbonara, amatriciana na gricia zote zina guanciale, hiyo ni shavu la nguruwe. Ukiona neno pancetta, prosciutto, speck, salsiccia, piteni mbali. Ragù mara nyingi imechanganywa nyama na ikatiwa divai. Kuna strutto pia, mafuta ya nguruwe, yanaingia kwenye baadhi ya mikate na vitafunio, hasa Napoli kwenye taralli na baadhi ya sfogliatella. Uliza "c'è strutto?" Hawakasiriki.

Zilizo salama ni nyingi: pizza margherita na marinara, cacio e pepe ambayo ni jibini na pilipili manga, pasta ya pomodoro, samaki. Watoto hawatalala njaa. Nyama ya halali iko Esquilino kuzunguka Piazza Vittorio, soko la pale utakuta bamia, mihogo, ndizi za kupika, na wauzaji Wabangladeshi na Waafrika wa kila pembe. Torpignattara pia. Msikiti mkuu uko kaskazini mwa mji, ulifunguliwa 1995, Ijumaa unajaa.

Na mambo ya mezani kwa wote. Kahawa kunyweni mkisimama kaunta. Ukikaa mezani, karibu na sanamu yoyote maarufu, bei yaweza kuwa mara tatu, na ni haki yao, iko kwenye menyu. Kaunta espresso ni euro moja na senti kidogo. Ukiona kwenye bili neno coperto, euro mbili au tatu kwa kila mtu, si wizi, ni ya meza na mkate. Bahashishi si lazima kama huko kwenu Marekani. Mchana kuleni pizza al taglio, inakatwa kwa mkasi na kupimwa kwa uzani, waonyesha kwa kidole ukubwa unaotaka.

Jingine. Kule Colosseum na Milano kwenye kanisa kuu la Duomo kuna vijana watawaita "Africa! Hakuna matata!" kisha wanakufunga kibangili mkononi kabla hujasema kitu, halafu wanataka pesa. Weka mikono mfukoni, sema salamu, pita. Basi namba 64 la kwenda Vatikano ni shule ya wachomozi, begi liwe kifuani. Mikoba ya bandia ya barabarani msinunue, sheria ya hapa inamtoza faini mnunuzi pia.

Mama_Nasra

Allah akulipe kheri kaka. Strutto nimeiandika kwenye karatasi.

Mkongo_wa_Dallas

Ndugu zangu, asanteni kwa mafundisho. Mimi ni Mkatoliki, na dada yangu ni mtawa. Aliniambia kule Roma masista wana nyumba za kulaza wageni. Ni kweli ama ni kwa mapadre tu?

Kibo_Columbus

Ni kweli kaka, na ni kwa kila mtu, hata usiye Mkatoliki. Zinaitwa case per ferie. Vyumba visafi, vya kawaida, kitanda na msalaba ukutani, mara nyingi na kifungua kinywa. Nyingi ziko karibu na Vatikano na nyingine Trastevere, mahali ambapo hoteli ya bei hiyo huipati. Masharti: mlango unafungwa usiku, kwingine saa tano, na sista akishafunga amefunga. Baadhi hawapo kwenye tovuti kubwa za hoteli, unawaandikia barua pepe wenyewe. Dada yako akiwa na mwenzake wa shirika anayesoma Roma, na wa Afrika Mashariki na Kongo wapo wengi pale, mwambie aulize. Hiyo ndiyo njia ya mkato.

Na Dallas mna American ya moja kwa moja mpaka Roma, angalia bei yake kabla ya kufikiria New York.

Dkt_Mihogo

Umeahidi Napoli.

Kibo_Columbus

Napoli naipenda kuliko Roma, wacha niseme. Ni Kariakoo iliyojengwa na wafalme: kelele, nguo zinaning'inia juu ya vichochoro, pikipiki zinapita ulipodhani ni mlango wa mtu. Watu wanaipa jina baya kwa sababu ya uchafu na wezi. Uchafu upo. Wezi ni wale wale wa Roma.

Treni ya kasi kutoka Termini inafika kwa saa moja na dakika kumi hivi. Frecciarossa na Italo wanashindana kwenye reli hiyo, ukinunua wiki kadhaa mapema unapata bei za chini, ukinunua siku hiyo hiyo unalia. Ukichelewa kununua, treni ya kawaida ya regionale ina bei isiyobadilika, chini ya euro 15, inachukua kama saa tatu, na unaona vijiji.

Pizza margherita ya maana, kubwa kuliko sahani, utaipata kwa euro sita au saba. Roma karibu na Fontana di Trevi ukipewa kwa bei hiyo ogopa. Makumbusho ya akiolojia ya pale ndiyo yenye vitu vilivyotolewa Pompei, ule mji wa kale uliofukiwa na volkano, michoro ya ukutani na mozaiki, kwa hiyo ianze hiyo kabla hujaenda Pompei kwenyewe, utaelewa unachokiona. Pompei unakwenda kwa treni ya Circumvesuviana, shuka stesheni iitwayo Pompei Scavi-Villa dei Misteri. Treni ni ya zamani, imebanana, haina kiyoyozi cha kuaminika. Tangu Novemba 2024 wanaingiza watu wasiozidi 20,000 kwa siku, na Februari idadi hiyo haifikiwi hata kwa karibu. Julai jua la pale ni la kuoka mkate, na kivuli hakuna, mji wenyewe hauna paa tangu mwaka 79.

Binti_Makorora

Haya, Napoli umenishawishi. Venezia nitakwenda mwenyewe tena, sikusubiri.

Swali la mwisho: nimesikia kuna migomo ya treni kila mara. Mtu akiwa na ndege ya kurudi afanyeje?

Mtu_wa_Malindi

Dada, sciopero ni sehemu ya kalenda huku, na hupenda Ijumaa. Uzuri ni kwamba hutangazwa mapema, wizara ya uchukuzi ina ukurasa wenye orodha ya tarehe zote. Treni za mikoa zina saa ambazo kisheria lazima zitembee siku za kazi hata kukiwa na mgomo: saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Treni za kasi nazo zina orodha ya zile zinazohakikishwa. Ukiona tarehe yako imo, lala usiku wa mwisho mji wenye uwanja wako wa ndege. Basi la Fiumicino la kampuni binafsi kwa kawaida haligomi pamoja na treni, nunua tiketi yake usiku huo huo, maana asubuhi Termini nzima itakuwa imehamia pale kwenye mabasi.

Kibo_Columbus

Nakazia hapo. Na kwenye mashine ya pesa ikikuuliza ulipe kwa dola au euro, bonyeza euro. Benki yako itabadili kwa bei ya haki kuliko ile mashine. Nimeikumbuka sasa hivi.